Amplifaya ya hedifoni: mita iliamua nini Momela

Hedifoni za Sennheiser HD 650 zina ukinzani wa omu 300, na zikipewa volti 1 hutoa desibeli 103. Namba hizo mbili huchapwa kwenye karatasi ambayo watu wengi huitupa pamoja na boksi, kisha wanaanza kuulizana ni amplifaya ya shilingi ngapi inayozifaa. Jibu liko kwenye ile karatasi.

Jirani yangu wa Momela, huku Meru, mwalimu mstaafu, aliletewa hedifoni hizo na binti yake anayeishi Ujerumani, pamoja na adapta ndogo ya Apple ya kuchomeka kwenye kompyuta. Alizisikiliza kwa muda, kisha akaniita.

“Sauti ni safi, ila haina nguvu,” akaniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu. “Wanasema hizi zinataka amplifaya kubwa. Nimeiona moja ya Kimarekani. Niagize?”

Aliyoiona ilikuwa Benchmark HPA4, iliyotoka mwaka 2018 na iliyokuwa ikiuzwa huko kwao kwa karibu dola 3,000, kabla hujalipa usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Ni mashine bora mno, kelele yake na mpotoko wake viko chini kabisa ya uwezo wa sikio la binadamu.

“Mwalimu, kabla hujaagiza tupime,” nikamjibu.

Tulianza na karatasi na kalamu. Muziki ambao wastani wake ni desibeli 80, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakiona salama kwa saa 40 kwa wiki, unaweza kuwa na vilele vya ghafla vinavyopita 100. Tukajiwekea lengo la vilele vya desibeli 110, ili pawe na nafasi ya kutosha. Kwa HD 650 hiyo ni desibeli 7 juu ya zile 103, na kila ukitaka kupanda desibeli 6 unahitaji volti mara mbili. Kwa hiyo tulihitaji volti 2.24, mkondo wa miliampea 7.5, na nguvu isiyofika miliwati 17. HPA4 hutoa zaidi ya volti 11 kwa hedifoni za omu 300, yaani mara tano ya tulichokihitaji. Nguvu ya ziada hiyo isingesikika kamwe. Ingekaa tu juu ya alama ambayo kitufe hakingefika.

Hesabu hiyohiyo ukiifanya kwa hedifoni nyingine inageuka kabisa. HiFiMan HE-6 ina omu 50 tu, na mtu asiyejua angedhani ni rahisi kuiendesha kuliko yenye omu 300. Lakini miliwati 1 huipatia desibeli 83.5 pekee. Kufika 110 inataka miliwati karibu 450, volti 4.7 na miliampea 95. Hapo ndipo amplifaya kubwa inapopata kazi ya kufanya. Wauzaji wengi hutaja omu peke yake, na mteja anayetazama omu bila usikivu wa hedifoni amepewa nusu ya habari.

Kama hesabu ilisema volti 2.24 zinatosha, mbona Mwalimu alisikia udhaifu? Adapta ya Apple inasifiwa, na kwa haki, kwamba hutoa volti 1 kwa usafi unaozishinda mashine nyingi za bei kubwa. Volti 1 ingempa vilele vya 103, si haba. Tukacheza mlio wa majaribio wa hezi 200, sauti ya kompyuta ikiwa juu kabisa, hedifoni zimechomekwa lakini ziko mezani, maana kuzivaa wakati wa kipimo hicho ni kuyaumiza masikio. Waya wa kugawa ulitupa pa kuweka ncha za mita, nayo tukaiweka kwenye volti za AC.

Ikasoma nusu volti.

Binti aliinunua Ulaya, na adapta ya Apple inayouzwa Ulaya imewekewa kikomo cha nusu volti kwa ajili ya sheria za huko za kulinda masikio. Ile inayosifiwa ni ya soko la Marekani. Nusu volti kwenye HD 650 ni desibeli 97 kwa kilele cha juu kabisa, na rekodi iliyofanywa kwa sauti ya chini hubaki mbali chini ya hapo. Masikio ya Mwalimu yalikuwa sahihi. Dawa aliyoandikiwa na watu ndiyo iliyozidi ugonjwa.

Tulichokihitaji ni kifaa cha kuzidisha nusu volti mara tano hivi, kisichoongeza kitu kingine. Mimi nilikuwa na Objective2, amplifaya ndogo ambayo mchoro wake ulitolewa hadharani mwaka 2011 na mhandisi aliyejiita NwAvGuy, ambaye mwaka uliofuata alinyamaza na hajaonekana tena. Kwa kawaida ina ngazi mbili za kukuza, mara 2.5 na mara 6.5. Ngazi ya pili hugeuza nusu volti kuwa 3.25, na kilele kinafika desibeli 113. Rafiki wa Mwalimu, mkazi wa Njiro, akatuazima ya kwake, amplifaya ya valvu isiyo na transfoma ya kutolea sauti, nzito, nzuri kwa macho, yenye joto la kupasha mikono usiku wa baridi ya Meru.

Kabla ya kusikiliza tulipima ukinzani wa kutolea wa kila moja, na kipimo hiki nakipenda kuliko vyote kwa sababu fundi yeyote wa redio anaweza kukifanya. Rekebisha mlio mpaka mita isome volti 1.00 bila mzigo, kisha funga rezista ya omu 300 mahali pa hedifoni. Objective2 haikutikisika, kwa kuwa ukinzani wake ni kama nusu omu. Ya valvu ilishuka hadi 0.71. Piga hesabu utapata omu 120 na ushei. Si kasoro ya mtengenezaji. Hata kiwango cha kimataifa cha IEC cha mwaka 1996 kilipendekeza omu 120. Ila ukinzani wa HD 650 hautulii kwenye 300. Karibu na hezi 100 hupanda hadi kama omu 500, na pale penye ukinzani mkubwa zaidi, amplifaya yenye omu 120 hupoteza volti kidogo zaidi ya asilimia 19 badala ya 29. Matokeo yake ni besi kupanda kwa desibeli 1 hivi. Kanuni ya kawaida inataka ukinzani wa amplifaya usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni: kwa HD 650 ni omu 37.

Kusikiliza sasa. Hapa ndipo watu wazima wanapodanganywa na masikio yao wenyewe. Ukilinganisha amplifaya mbili na moja ikawa juu kwa nusu desibeli tu, hutasema ina sauti kubwa, utasema ina uhai zaidi. Ndiyo maana tulisawazisha sauti kwa mita mpaka tofauti ya volti ikawa chini ya asilimia 1, ambayo ni pungufu ya desibeli 0.1. Mjukuu wa Mwalimu akakaa nyuma ya kiti akibadilisha waya kwa kurusha sarafu, na msikilizaji akaandika jibu. Anayebahatisha tu ana nafasi 11 katika 1,024 ya kupatia mara 9 au zaidi katika majaribio 10. Mtu akifika hapo, nakubali anasikia kitu.

Muziki wa kupimia lazima ujulikane udhaifu wake. Rekodi za zamani za dansi za Radio Tanzania nazipenda kwa moyo wote, lakini nyingi ni za mono na zina mvumo wa tepu, kwa hiyo haziwezi kukuonyesha nafasi ya vyombo wala ukimya wa amplifaya. Kwa vilele tulitumia muziki wa Henry Mancini wa filamu ya Hatari!, santuri ya RCA Victor ya mwaka 1962. Sehemu ya filamu hiyo ilipigwa hapa hapa Momela, na Hardy Krüger, mmoja wa waigizaji wake, aliipenda sehemu hii hadi akanunua shamba na kuishi. Kipande kiitwacho Sounds of Hatari kimejaa ngoma zinazoanza kimya na kulipuka. Amplifaya inayoishiwa volti hapo hujisema yenyewe. Kisha tukaweka kwaya za Kilutheri, maana ndizo Mwalimu anazosikiliza kila siku.

Kwa sauti ya chini, hakuna aliyetofautisha adapta pekee na adapta ikipitia Objective2. Ngoma za Mancini ndizo zilizozitenga, kwa kuwa adapta pekee iliishiwa volti. Ya valvu ilitambulika kila mara kwenye besi za kwaya, na Mwalimu akakiri kwamba anaipenda. Sioni ubaya wowote. Desibeli 1 ya besi ni ladha halali, lakini inapatikana bure kwenye programu ya ikwalaiza ya kompyuta, tena unaweza kuizima.

Kilichoikataa ya valvu ni umeme. Nyumba ile ina umeme wa TANESCO, na ukikatika wanatumia sola yenye betri ya volti 12, ampea-saa 100. Betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una wati-saa 600. Amplifaya inayokula wati 40 kwa saa nne inachukua 160, zaidi ya robo, na taa na simu za familia nzima zinangoja. Objective2 inakubali betri mbili za volti 9.

Tulikuta pia mvumo wa hezi 50 kompyuta ilipokuwa kwenye chaja. Ulitoweka tulipoichomoa. Fundi alipofungua soketi akakuta waya wa ethi haujaunganishwa na kitu chochote. HPA4 ingeukuza mvumo ule kwa uaminifu uleule.

Mwalimu akaagiza Objective2 na adapta ya Kimarekani. Kwa volti 1 anatumia ngazi ya mara 2.5, anapata volti 2.5, desibeli 111, na kitufe cha sauti kinazunguka kwa nafasi badala ya kujaa mwanzoni. Sehemu ya fedha iliyobaki ilinunua fimbo ya shaba ya ethi, ikachimbiwa nyuma ya jiko kwenye udongo wenye unyevu.