Bolti Haitaki Haraka

Pikipiki kuukuu ikishushwa injini pale Mwanjelwa, Mbeya, husema ilikotoka kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Kama imezeekea Tukuyu, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, utakuta unga mweupe umezunguka vichwa vya bolti. Ya Iringa, ambako mvua haifiki nusu ya hiyo, mara nyingi huja na vumbi lililogandana na oili. Fundi mzuri huusoma uchafu huo kwanza, spana baadaye.

Unga ndio adui. Bolti ni chuma, kava ya injini ni aluminiamu. Maji yakiingia kati yao aluminiamu huliwa, na mabaki yake hutaka nafasi kubwa kuliko metali yenyewe, kwa hiyo bolti hubanwa kila upande. Spana namba 10 ukiiongezea bomba ili upate nguvu, kitakachokubali ni shingo ya bolti. Mwili utabaki ndani.

Ninachowahusudu mafundi hawa ni kujua kuacha. Brashi ya waya, mafuta ya kupenyeza, kisha injini inawekwa kando na fundi anaziba pancha ya mtu mwingine. Jioni anarudi, anagonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, anaongeza mafuta, anaondoka tena. Mteja anaona uvivu. Kesho yake fundi anaanza kwa kukaza, kidogo tu, ndipo alegeze. Ikishaitika haisokotwi moja kwa moja: robo ya mzunguko, irudi kidogo, mafuta, robo nyingine, maana unga husagika na kujaa kwenye nyuzi. Bolti nyingi hukatikia hapo, mtu akishafurahi.

Honda za zamani, kama CG125 iliyotoka mwaka 1976, zina vituko vyake. Skrubu zake za msalaba zimechongwa kwa kipimo cha Kijapani. Bisibisi ya kawaida haikai mpaka chini. Hupanda na kula kichwa.

Bolti ikigoma kabisa, moto. Kwa joto lile lile aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo huchomwa kava, bolti huachwa. Hapa mkono mzito huharibu injini nzima: chuma huwa chekundu kabla ya kuyeyuka, ila aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 bila kubadili rangi. Tone la maji likirukaruka juu yake, inatosha. Fundi hugusisha mshumaa, nta inanywewa kandokando ya bolti, anatulia ipoe kiasi.

Na iliyokatika? Nati huwekwa juu ya kisiki na kuchomelewa kwa ndani. Joto la kulehemu nalo husaidia kulegeza. Mwishowe mteja huonyeshwa kipande kimoja cha chuma chenye kutu, halafu bei. Hapo ubishi huanza.