Sifa za Mpanga Foleni

Sauti ya mtu ni mzigo mwepesi mtandaoni. Kwa kodeki kongwe ya G.711 inahitaji kilobiti 64 tu kwa sekunde, na kwa kawaida husafiri katika pakiti 50 kila sekunde, yaani vifurushi vidogo vya data, kila moja na milisekunde zake 20 za mazungumzo. Filamu hula mara nyingi zaidi ya hapo. Ila filamu huweza kusubiri, sauti haiwezi. Pakiti ya sauti iliyopitwa na zamu yake hutupwa, maana neno lililokuwamo halina tena pa kukaa. Mwongozo wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, unapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomoni hadi sikioni. Zikikaribia 400, wasemaji huanza kukatizana, kila mmoja akidhani mwenziwe kanyamaza.

Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kuanza kazi mwaka 2009, sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki ilipitia satelaiti zilizo kilomita kama 36,000 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka tu kulichukua robo ya sekunde, na mwendo wa mwanga haubembelezwi. Mkongo ukatupunguzia safari hiyo. Kungoja hakukwisha, kulihamia kwenye ruta zetu wenyewe, na hapo ndipo ninapompenda fundi wa mtandao, kwa kuwa huku kungoja kunatibika.

Ruta ikipokea zaidi kuliko inavyoweza kutoa, huzipanga pakiti foleni katika kumbukumbu yake. Kumbukumbu ziliposhuka bei, watengenezaji wakarefusha foleni ili pakiti isipotee hata moja. Mwaka 2010 Jim Gettys, akichunguza mtandao wa nyumbani kwake Marekani, aliona pakiti zikikwama zaidi ya sekunde nzima laini inapojaa. TCP, kanuni inayosimamia utumaji wa data nyingi mtandaoni, kwa kawaida huongeza mwendo mpaka ione pakiti imepotea. Foleni ndefu huichelewesha ishara hiyo, nayo TCP huzidi kujaza. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema dawa ni kununua kasi zaidi, basi.

Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa CoDel, njia ya kusimamia foleni za ruta, na sijui fikra nyingi za uhandisi zilizo nzuri kama hii. Haitazami urefu wa foleni. Hupima kila pakiti imekaa humo muda gani. Kungoja kukizidi milisekunde 5 kwa milisekunde 100 mfululizo, huangusha pakiti moja, kisha nyingine, mpaka watumaji wapunguze mwendo.

Fundi naye ana yake. Pakiti za sauti huzipa alama ya kipaumbele, namba 46, ili zitangulie, kisha huziwekea kiwango, kwa sababu kipaumbele kisicho na mpaka huwanyima wengine njia kabisa. Laini ikiwa ya megabiti 10, huiwekea ruta kikomo cha 9. Asiyeijua kazi huona megabiti moja imepotea bure. Lakini foleni hujengeka penye njia nyembamba kuliko zote. Ruta yake ikiwa ndiyo nyembamba, foleni hutoka kwenye mitambo ya mtoa huduma, asikoweza kugusa kitu, ikaja mikononi mwake, naye akaipanga atakavyo.

Ukitaka kumpima, usimuulize kasi. Mwache mmoja apakie video nzito, mwingine asasishe kompyuta, nawe upige simu papo hapo, uongee.