Insha za Kuazima

Likizo hii tuliletewa madaftari 12 ya vijana wa kidato cha nne, watahiniwa wa KCSE, mtihani wa Kenya uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1989. Anayewafundisha jioni ni kijana wa hapa kijijini, mwanafunzi wa chuo kikuu, naye hupokea ada ndogo apate nauli ya kurudia masomo yake. Yatupasa kuzipima kazi hizi kwa haki, maana wako wazazi waliouza kuku ili zipatikane.

Hati ni safi, aya zimepangwa, na wakati umetunzwa. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili hudai insha mbili kwa saa moja na dakika 45, kila moja ina alama 20, na asiyezoezwa hukutwa na kengele angali katikati. Kijana huyu amewazoeza. Sisi, kwa wingi wa watoto darasani, hatukuweza.

Lakini tazameni mianzo yao. Waliagizwa kutunga kisa cha kudhihirisha methali, Mchumia juani hulia kivulini. Katika madaftari tisa jua lachomoza kwa madaha upande wa mashariki, na ndege wanaimba. Mmoja kisa chake chaanza usiku wa manane, na ndege wake wanaimba vile vile! Kisha methali zafuatana tano sita, kama mbuzi waliofungwa kamba moja, wala hapana hata moja iliyoitwa na kisa. Tuliondoa lile jua na zile methali katika insha moja. Ikasalia mistari saba, ya kwamba mtu alilima, akapata. Alilima nini? Nani alimcheka? Hatuambiwi. Tena wawili walidhani “hulia” ni kutoa machozi, kumbe ni kula mahali pa kivuli. Basi shujaa wao, baada ya taabu zote, aketi chini ya mwembe akilia. Huyo alikariri mapambo ya methali asiyoifahamu.

Mmoja wa vijana hawa twamjua sana. Mwaka jana alituandikia habari za nyanya yake mzaa mama, jinsi alivyoanika na kuanua maharagwe mara tatu kwa siku moja kwa ajili ya mvua, majirani wakimcheka, na jinsi majirani hao hao walivyokuja kukopa kwake wakati wa njaa. Sarufi ilichechemea, lakini tuliyaona maharagwe yale juu ya mkeka. Tukamwuliza, mbona hukuandika hayo, nayo ndiyo methali yenyewe? Akajibu, “Mwalimu, hiyo haimo katika daftari la mianzo.”

Tukamwita yule kijana wa chuo, tukiwa tumejiandaa kumkaripia. Alitusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akatoa daftari lake la kidato cha tatu. Jua lilikuwamo, lachomoza kwa madaha, na ubavuni mwake, kwa wino mwekundu, kwa mkono wetu wenyewe: “Vizuri sana.”

Hatukuwa na la kusema. Tumeagana kukutana Jumamosi pamoja na vijana wote 12, kila mmoja aje na kisa cha nyumbani kwao. Ada yake ataendelea kulipwa.