Mistari, Safu na Stesheni ya Emali

Treni ya kaunti, ile inayosimama njiani, ina stesheni tisa ukihesabu ya mwanzo na ya mwisho: Mombasa, Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali, Athi River, Nairobi. Mkazi wa Emali anayetaka kujizoeza matriksi, yaani majedwali ya namba, kwenye kompyuta hana haja ya kutafuta mfano mbali. Na aandike kila stesheni iko kilomita ngapi kutoka Mombasa, namba tisa katika orodha moja, kisha aiamuru lugha ya R itoe kila namba kutoka kwa kila namba na ipuuze alama za hasi. Amri hiyo haizidi mstari mmoja. Jibu ni jedwali la namba 81: umbali wa kila stesheni hadi kila stesheni.

Hapo asikimbilie zoezi la pili. Atulie na jedwali alitazame. Mshazari unaoshuka kutoka pembe ya juu kushoto umejaa sufuri tisa, maana kutoka Emali hadi Emali hakuna safari. Namba 72 zilizobaki zimegawanyika pacha kwa pacha: Voi hadi Emali huku, Emali hadi Voi kule, kwa hiyo za kujua ni 36 tu. Akilipindua jedwali, mistari ikawa safu na safu zikawa mistari, hakuna kinachobadilika. Sasa abadilishe maana yake. Badala ya kilomita aweke abiria: mstari uwe stesheni walikopandia, safu iwe stesheni waliposhukia. Ni jedwali lenye umbo lile lile, la tisa kwa tisa, lakini ukilipindua umewageuza watu wote warudi walikotoka. Jumla ya mstari wa Emali ni waliopandia Emali. Jumla ya safu ya Emali ni walioshukia hapo. Mwezi wa Desemba, Wakamba wa Nairobi wanapokwenda kwao kwa Krismasi, mstari wa Nairobi ndio unaovimba. Januari ni zamu ya safu yake.

Kazi hii ndogo ya kujenga jedwali, kulipindua, kulijumlisha kwa mlalo na kwa wima, kulikata na kulizidisha, ni ufundi kamili, na ninausifu kama ninavyosifu ufundi mwingine wowote wa mikono na macho. Wengi huupita mbio. Waliosoma mfumo wa 8-4-4 walikutana na matriksi kidato cha tatu, wakazikuta tena kidato cha nne kwenye mageuzi ya maumbo, wakafanya mtihani, wakazifunga kabatini. Wanaoingia kwenye programu siku hizi wanataka kufika haraka kwenye akili bandia, nao hawajui kwamba ndani ya akili bandia kuna matriksi zinazozidishwa usiku na mchana. Sioni ubaya wa haraka yao. Nasema tu kwamba raha nyingi iko huku nyuma, kwenye jedwali dogo ambalo jicho linaweza kulishika lote kwa mara moja.

Tuchukue jambo ambalo Emali inalijua vizuri, ndengu na mbaazi, mazao ambayo Makueni na Kitui huyaleta sokoni mvua zikiwa njema. Tuseme wauzaji watatu wameleta magunia. Wa kwanza ana 4 ya ndengu na 7 ya mbaazi. Wa pili ana 2 na 9. Wa tatu ana 5 na 1. Unaandika namba kama ulivyozisikia, 4, 7, 2, 9, 5, 1, na unaiambia R izipange katika mistari mitatu. R inatii, lakini inajaza kwa safu, ikishuka kwanza kabla ya kwenda pembeni, tabia iliyotoka kwa Fortran, lugha ya mwaka 1957. Safu ya ndengu inakuwa 4, 7, 2. Safu ya mbaazi inakuwa 9, 5, 1. Muuzaji wa tatu, aliyekuja na magunia 5 ya ndengu, sasa anayo 2.

Na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Jumla ya magunia yote ni 28 kwa njia sahihi, na ni 28 kwa njia mbovu. Mtu anayehakiki kwa jumla kuu peke yake atapita akiwa ameridhika. Ikiwa gunia la ndengu ni shilingi 9,000 na la mbaazi 6,000, muuzaji wa tatu anastahili 51,000. Jedwali bovu linampa 24,000. Hakuna onyo lililotokea kwenye skrini, kwa sababu mashine haikuvunja sheria yoyote. Aliyejizoeza angesimama mapema: angejumlisha safu ya ndengu, angetarajia 11, angeona 13, angejua. Au, vizuri zaidi, angekuwa amezoea kuiambia R tangu mwanzo kwamba ijaze kwa mistari.

Jedwali likiwa sawa, bado kuna mtego wa pili, na huu ninaupenda kwa ujanja wake. Katika R kuna kuzidisha kwa aina mbili. Nyota ya kawaida huzidisha namba kwa namba, kila moja na iliyo mahali pake. Nyota iliyowekwa kati ya alama mbili za asilimia huzidisha kwa kanuni ya matriksi: mstari hukutana na safu, vinazidishwa pamoja, kisha vinajumlishwa. Bei zetu mbili, 9 na 6 kwa maelfu, ukizizidisha na jedwali la magunia kwa nyota ya kawaida, R inazirudiarudia ikishuka kwenye safu: 9, 6, 9, kisha 6, 9, 6. Muuzaji wa kwanza anapata hesabu sahihi. Wa tatu naye sahihi. Wa pili, aliye katikati, ndengu zake zimepewa bei ya mbaazi na mbaazi zake bei ya ndengu, na badala ya 72,000 ana 93,000. Mbili kweli, moja uongo, na kimya tupu. Ukifanya vivyo hivyo kwa lugha ya Python na maktaba yake ya NumPy, bei zinalala kwenye mistari na jibu linatoka sawa. Anayejifunza lugha mbili asidhani tabia zao ni moja.

Ukitumia kuzidisha kwa kanuni ya matriksi, jedwali la tatu kwa mbili linakutana na la mbili kwa mbili, bei za wanunuzi wawili, na unapata jedwali la tatu kwa mbili. Mnunuzi wa kwanza ni yule wa 9 na 6. Wa pili anatoa 8 kwa ndengu na 7 kwa mbaazi. Muuzaji wa kwanza ana 78 huku na 81 kule. Wa pili, 72 na 79. Wa tatu, 51 na 47. Kwa mstari mmoja wa programu kila mtu ameona aende kwa nani: wawili kwa mnunuzi wa pili, mwenye ndengu nyingi abaki kwa wa kwanza. Hesabu hii ifanye kwa kalamu kwanza, ndiyo nasaha ninayoishikilia. Andika umbo la jibu kabla ya jibu: mistari mingapi, safu ngapi, na kila mstari ni nani. Hapo ndipo ubonyeze kitufe.

Arthur Cayley, Mwingereza aliyeandika kanuni za kuzidisha matriksi mwaka 1858, hakuwa na kitufe. Wala Ronald Fisher, aliyeingia kituo cha kilimo cha Rothamsted mwaka 1919 na kuwafundisha watafiti kugawa shamba katika vipande vya mistari na safu na kuzipa mbegu vipande hivyo kwa kura, ili udongo mzuri usiipendelee mbegu moja. Kazi ya namna hiyo ipo jirani. Ukitoka Emali kuelekea Makindu utapita Kiboko, ambako taasisi za utafiti za KALRO na CIMMYT hujaribu mahindi ya kuvumilia ukame. Kila kipande kina mstari wake na safu yake, na mavuno yake huingia kwenye jedwali kwa anwani hiyo. Orodha ikiteleza kwa nafasi moja, mbegu iliyokufa kiu inabeba sifa za jirani yake, na mkulima wa Kathonzweni anaweza kuja kuuziwa. Kwa hiyo sikubali mtu aniambie kwamba mazoezi ya kujaza jedwali ni ya watoto.

Nirudi kwenye reli, maana kuna zoezi moja ambalo halijawahi kunichosha. Tengeneza jedwali jipya la tisa kwa tisa: weka 1 pale ambapo stesheni mbili zinafuatana, na sufuri kwingine kote. Mstari wa Emali una 1 mara mbili tu, kwa Kibwezi na kwa Athi River. Lizidishe jedwali hilo kwa lenyewe. Sasa mstari wa Emali unaonyesha 1 kwa Mtito Andei, 1 kwa Nairobi, 2 kwa Emali yenyewe, na sufuri kwa Kibwezi. Ni njia za hatua mbili: unaweza kufika Mtito Andei, unaweza kufika Nairobi, unaweza kwenda na kurudi kwa namna mbili, lakini huwezi kuishia Kibwezi kwa hatua mbili kamili. Hakuna aliyeiambia kompyuta habari za safari. Kuzidisha na kujumlisha kumezihesabu njia zote.

Kisha ufute mstari wa Emali na safu yake. Zinabaki stesheni nane, na jedwali linajigawa lenyewe: sita za upande wa Mombasa kwenye pembe moja, Athi River na Nairobi kwenye nyingine, na pembe mbili zilizosalia ni sufuri tupu, 24 kwa jumla. Lizidishe mara mbili, mara tano, mara ishirini. Namba za pembe ya stesheni sita zitakua, lakini zile sufuri 24 hazitatikisika, mpaka mtu aandike 1 kwa ajili ya barabara ya Mombasa mahali fulani katikati yake.