Kila Laini na Jina Lake

Simu ikikataa kuwaka, fundi wa Likoni hakimbilii kubadilisha aisi. Anafungua bodi, anashika mita, anatafuta laini. Ya betri ipo? Ya volti 1.8 je? Kwenye ramani ya bodi kila laini ina jina lake, VBAT au VPH_PWR, na asiyeyajua majina hayo anachoma tu.

Simu hiyo ikiwa ya Android, ndani yake mna kerneli ya Linux, na humo draiva nazo zinatafuta umeme kwa majina. Ufundi wa kuyapanga majina hayo ndio ninaousifu, maana wanaoufaidi hawajui hata kama upo.

Sehemu ya kerneli inayosimamia regyuleta, yaani vidhibiti vya volti, iliingia mwaka 2008, katika toleo la 2.6.27, kwa kazi ya Liam Girdwood na Mark Brown. Kanuni yake nyepesi kuieleza, ngumu kuishika. Mwandishi wa draiva huomba umeme kwa jina la pini kama lilivyo katika waraka wa chipu: pini ni VDD, naye huomba vdd. Jina la laini ya bodi halimhusu, kwani chipu hiyohiyo kesho itabandikwa kwenye bodi nyingine. Ni kama mtoto wa Kisauni mwenye jina la nyumbani na jina la rejista. Mwalimu anaita la rejista, la nyumbani halimpasi. Wa kuoanisha jina la pini na laini ni msanifu wa bodi: katika faili liitwalo mti wa vifaa anaandika vdd-supply na kuielekeza kwenye regyuleta yake. Kazi ngumu, kwa mwandishi wa draiva, ni kunyamazia kisichokuhusu. Bodi iko mezani, inafanya kazi, na jina la laini yake liko kwenye ncha ya kidole!

Jina likikosewa, kerneli haigombi. Kwa kawaida inaandika mstari mmoja kwenye logi, kwamba saplai haikuonekana na imetumia regyuleta bandia, kisha inaendelea. Draiva inaambiwa umeme upo. Mara nyingi upo kweli, kwa sababu laini nyingine hazizimwi kamwe. Lakini regyuleta isiyoombwa na yeyote huzimwa takriban sekunde 30 baada ya mfumo kuanza, isipokuwa imeandikiwa ibaki imewashwa. Basi kioo kinawaka, watu wanashangilia, mara giza. Mtu atachambua draiva ya kioo mchana kutwa, kumbe kosa ni herufi moja kwenye jina la saplai, na logi ilikwisha kusema.

Ningeulizwa nani aandike mti wa vifaa, ningemtaja fundi wa Kongowea aliyezoea kufuata laini kwa mita, kabla ya mwandishi wa programu asiyewahi kufungua simu. Mtasema hajui lugha ya C. Mti wa vifaa hauandikwi kwa C.