Saa 4 na Dakika 56: Jinsi Upepo Ulivyofupisha Safari ya New York hadi London

Kati ya uwanja wa JFK jijini New York na Heathrow jijini London kuna takriban kilomita 5,540, zikipimwa kwa njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia. Kwa kawaida ndege hutumia zaidi ya saa 6 angani kufika London. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020, Boeing 747 ya British Airways ilitumia saa 4 na dakika 56, ikaivunja rekodi ya ndege zisizovuka kasi ya sauti, ya saa 5 na dakika 13, iliyowekwa na ndege ya Norwegian mnamo Januari 2018.

Siri yake ni kwamba ndege ina kasi mbili. Ya kwanza ni kasi yake ndani ya hewa inayoizunguka, ambayo kwa 747 ni kama kilomita 900 kwa saa. Ya pili ni kasi yake juu ya ardhi, na hiyo ndiyo inayoamua saa ya kufika. Mpiga kasia anayefuata mkondo wa mto hutumia nguvu zile zile, lakini miti ya ukingoni humpita haraka zaidi.

Usiku ule kimbunga Ciara kilikuwa kikielekea Uingereza, na juu ya Atlantiki ulivuma mkondo wa upepo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki. Mkondo huo huzaliwa pale hewa baridi ya kaskazini inapokutana na hewa ya joto ya kusini, na hupata nguvu zaidi majira ya baridi. Ndege ikafikia kilomita 1,327 kwa saa juu ya ardhi. Kasi ya sauti katika anga lile ni kama kilomita 1,060 kwa saa, lakini ndege haikuivuka. Sauti hupimwa ndani ya hewa, na hewa yenyewe ilikuwa ikisafiri pamoja na ndege.

Hii haikuwa bahati tu. Vituo vya uongozaji wa ndege vya Gander, Kanada, na Shanwick, upande wa Uingereza na Ireland, vilikuwa vikipanga upya njia za Atlantiki kila siku kulingana na utabiri wa hali ya hewa. Ndege za kwenda mashariki hupewa njia zenye upepo wa nyuma. Zinazorudi huelekezwa kuukwepa upepo huo, hata kama njia itarefuka.

Je, faida ya kwenda hufidia hasara ya kurudi? Hapana. Chukua upepo wa kilomita 150 kwa saa. Kwenda kutachukua saa 5 na dakika 17, na kurudi kwa njia ile ile saa 7 na dakika 23. Bila upepo, safari zote mbili zingekwisha dakika 21 mapema zaidi, kwa sababu ndege hukaa muda mrefu zaidi katika upepo unaoikabili kuliko ule unaoisukuma.

Kwa hiyo, anayegawanya kilomita kwa kasi ya ndege amefanya nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni upepo, nayo hufanywa upya kabla ya kila safari, maana ndiyo inayoamua mafuta ya kubeba na njia ya kupita.