Chombo Hakisahau

Pombe ilikuwa moja, ya ndizi, iliyokamuliwa siku moja katika mtumbwi mmoja wa mti. Bibi aliyenikaribisha uani kwake hapa Mwandiga aliigawa mara tatu: nyingine akaitia kwenye kibuyu, nyingine mtungini, iliyobaki kwenye dumu la plastiki. Siku ya pili akaniita. "Onja, mjukuu wangu. Anza na ya dumu, usije ukamalizia vibaya."

Ya dumu ilikuwa kali, na nyuma yake ikaja harufu ya mawese. Dumu lile liliwahi kupeleka mafuta sokoni; limesuguliwa kwa mchanga na majivu, wapi. Ya mtungi ilikuwa baridi, maana udongo hutoka jasho, na jasho likikauka hupoza kilichomo. Ya kibuyu sikuimeza upesi. Utamu wa ndizi ulikuwa umetulia, uchachu umelainika, na mwishoni kabisa kikaja kionjo cha moshi wa jikoni.

Kibuyu kile kimemzidi mama yangu umri. Mama mkwe wa bibi alikiacha kikakaukia shambani, akakitoboa mdomo, akakijaza maji nyama yake ioze, akakitikisa na changarawe, akamwaga, akarudia, hadi maji yakatoka bila uchungu. Shingoni kina ufa. Bibi aliushona kwa uzi, vitundu vidogovidogo huku na huku, na uzi umekula moshi hadi umeshika rangi ya kibuyu chenyewe. Nilipitisha kidole nikitafuta mshono unapoanzia, nisiupate.

Watu wa Uskoti hawalifanyii mzaha jambo hili la chombo kukiachia kinywaji ladha yake. Sheria yao inataka wiski ilale katika pipa la mwaloni si chini ya miaka 3, na mapipa mengi huwa yamekwisha kubeba sheri ya Hispania au wiski ya Marekani. Kinywaji kilekile, kikilazwa katika mapipa mawili tofauti, hutoka katika kila pipa na ladha yake, na wanywaji huilipia tofauti hiyo fedha nyingi. Sisi tulikuwa nayo uani, bure, tukaiacha kwa sababu dumu halivunjiki.

Vibuyu vya nyumba ile vilikuwa vitano. Kimebaki hicho kimoja. Mbegu bibi anazo, ameziweka kwenye kopo dirishani, na tangu aziweke hakuna aliyeziomba. Anayezitaka aje, mvua hazijaanza.